Kikundi cha Wasomaji wa Familia: Kitabu cha Tano

Dada Zuhura: Ndugu zangu, naomba tukubaliane kwamba Jumamosi jioni tutajadili Wind and Truth, kitabu cha tano cha mfululizo wa riwaya za The Stormlight Archive, hadi mwisho wa siku ya tano. Mwandishi Brandon Sanderson amekigawa kitabu katika siku kumi, kwa hiyo hakuna atakayesingizia kwamba hakujua pa kukomea.

Idi: Kitabu kina kurasa zaidi ya 1,300, nami bado niko siku ya pili. Wahusika Kaladin na Szeth wanatembea nchini Shinovar kwa miguu, nami nawafuata kwa mwendo huohuo.

Dada Zuhura: Idi, mzaha baadaye. Salum, Mama Mdogo, mbona mnasoma ujumbe mkanyamaza?

Salum: Sehemu ya Kaladin imenichosha, kwa sababu mpiganaji tuliyemjua na mkuki wake tangu kitabu cha kwanza cha mwaka 2010 sasa anazungumza kama mshauri nasaha wa siku hizi, na lugha hiyo inanitoa kabisa Roshar, dunia ya hadithi hii. Aliyeniokoa ni mpiganaji mwenzake Adolin, ambaye mji anaoulinda umezingirwa na maadui, naye bado anaketi kucheza karata za mbinu za vita na Yanagawn, mfalme kijana asiyeachwa na watumishi wake hata apumue.

Idi: Napendekeza Moash, yule msaliti wa Kaladin, aingizwe kikundini, kisha tupige kura ya kumtoa.

Shangazi Mwanaisha: Salum, afadhali safari hii umetoa maoni tu. Kitabu cha tatu ulitutangazia kifo cha mfalme Elhokar humu humu, wakati mimi sijafika hata sehemu ya mji wa Kholinar.

Salum: Shangazi, hayo si tuliyamaliza?

Shangazi Mwanaisha: Uliyamaliza wewe.

Babu: Nimekisoma chote. Tangu kitabu cha nne kilipotoka mwaka 2020 nimengoja pambano la Dalinar na mungu adui Odium, na sitasema limeishaje. Kaladin mnamwonea: huzuni yake haikuanza leo, na kumwona akijifunza kumsaidia mwenzake bila kushika silaha kulistahili kurasa zote zile, ingawa lugha nakubali imepwaya. Asiyeweza kuficha mwisho wa kitabu, Jumamosi asikilize tu.

Dada Zuhura: Tumekusikia, Babu. Basi ni hadi siku ya tano?

Idi: Ya tatu, tafadhali.

Salum: Nitasikiliza.

Mama Mdogo: Samahani, ndiyo kwanza naona ujumbe. Ni Jumamosi hii au ijayo? Mimi sijaanza, maana nakala yangu anayo Idi.

Dada Zuhura: Idi?