Tupeane uzoefu: Kiwanda cha soda na safari ya chupa tupu Nyanda za Juu Kusini

Mwanzisha mada, Mwanjelwa

Ndugu zangu, habari za viwanda vya Mbeya husimuliwa kwa kuanzia saruji ya Songwe, zana za kilimo na reli ya TAZARA, na ni nadra kumsikia mtu akisimulia habari za soda, ilhali Coca-Cola Kwanza na SBC inayotengeneza Pepsi wote wana viwanda vya kujazia soda hapa kwetu. Kwa maoni yangu, kilichovileta viwanda hivi mlimani ni chupa kuliko kinywaji. Chupa ya kioo ni nzito, na ikishanyweka sharti irudi. Kuipandisha mlima wa Kitonga kule Iringa ikiwa imejaa, kisha kuiteremsha tupu zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam ili ikajazwe tena, ni biashara ya kumtajirisha mwenye lori peke yake. Kwa hiyo naomba tusimulie chupa tupu: nani aliziosha, nani alizibeba, na nani zilimfia mkononi.

Mkaguzi wa zamani, Iyunga

Nilifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha soda ambacho sitakitaja. Wengi hudhani kazi kubwa mle ndani ni kuchanganya soda, kumbe hiyo ni ya watu wachache: kuna shira ya sukari, kuna kiungo kinacholetwa kikiwa tayari kimetengenezwa, na kuna maji yaliyochujwa na kupozwa sana, kwa sababu gesi hukaa vizuri zaidi katika maji ya baridi. Jasho lilikuwa kwenye kuosha. Chupa zilipita katika mashine yenye maji ya moto na kostiki soda, dawa kali ambayo ikikugusa mkononi hutaisahau, kisha zikasuuzwa na kuletwa mbele yetu, tuliokuwa tumeketi tukitazama kila chupa ikipita mbele ya taa nyeupe.

Tulitafuta ufa, mdomo uliomeguka na uchafu uliogoma kutoka. Tulibadilishana zamu kila baada ya muda mfupi, maana jicho likizidiwa huanza kupitisha kila kitu. Adui mkubwa alikuwa mafuta ya taa. Majumbani chupa ya soda ilikuwa ndiyo kipimo cha mafuta ya taa, na chupa ya namna hiyo hung'aa kama nyingine zote, ila harufu haitoki. Ndiyo maana kabla ya kuosha, mwenzetu mmoja alikuwa na kazi ya kunusa. Mtu huyo akipata mafua, msimamizi alihangaika kuliko mgonjwa mwenyewe.

Dereva mstaafu, Uyole

Shikamoo mzee wa Iyunga. Mimi nilipeleka soda Tukuyu na Kyela kwa miaka mingi. Mwezi wa sita na wa saba, wateja wa Mbeya mjini na Uyole waliomba soda "ya moto", yaani ambayo haijaingia kwenye friji, nao walikuwa na haki kabisa, kwa kuwa asubuhi chupa zilizolala dukani zilikuwa baridi kuliko za kwenye friji ya Kyela. Ukiteremka siku hiyo hiyo hadi karibu na Ziwa Nyasa, mambo yaligeuka: joto, vumbi, na kila mtu anataka "baridi sana". Kreti za juu zilizopigwa na jua bila turubai ziliweza kutoa chupa moja au mbili za kupasuka, hasa zile za zamani zilizochubuka mabegani kwa kugongana miaka nenda rudi.

Ugomvi wetu na wenye maduka ulikuwa mmoja tu: hesabu ya tupu. Ukiacha kreti tano zilizojaa, unachukua kreti tano tupu au hela ya chupa. Baada ya harusi na kipaimara daima zilipungua, kamati ikasema zilirudi zote, mwenye duka akasema hazikurudi, nami nikiwa na karatasi ya kiwandani isiyojua habari za kipaimara. Kasumulu, mpakani na Malawi, nako niliwahi kuletewa chupa kutoka ng'ambo ya Mto Songwe, zenye umbo linalokaribiana na letu. Kiwandani zilikataliwa, nami nikazilipa.

Binti wa Rungwe

Mmeisahau gesi, na gesi ni yetu. Sehemu nyingi gesi ya soda hupatikana kwa kuchoma mafuta au kukusanywa kwenye uchachuaji, lakini wilayani Rungwe, jirani na Mlima Kyejo, hewa ya ukaa hutoka ardhini yenyewe kwa sababu ya asili ya volkano ya eneo letu. Kampuni ya TOL Gases huivuna kwa visima, huisafisha, huigandamiza na kuipoza hadi iwe kimiminika, kisha huisafirisha kwa magari ya matangi, ikiwemo kwenda nchi jirani.

Utotoni tulikatazwa kuingia katika vibonde fulani asubuhi kukiwa shwari, kwa kuwa hewa hiyo ni nzito kuliko ya kawaida, hutuama chini, na tulikuwa tukikuta humo panzi na ndege waliokufa. Bibi yangu hakupenda soda hata kidogo. Nilipomweleza kwamba mapovu yale ni hewa ile ile ya kwenye vibonde, aliitazama chupa, akairudisha mezani.

Mcheza drafti, Makambako

Nachangia kidogo tu. Kreti moja ina chupa 24, na drafti inataka kete 24, ambazo kwetu ni vizibo vya soda: kumi na mbili kifudifudi, kumi na mbili chali. Kreti moja ikiisha kijiweni, mchezo umekamilika.

Mtoto wa muuza duka, Mafinga

Mama yangu aliuza soda za jumla. Mwaka mmoja wakala alikuja na habari kwamba umbo la chupa linabadilika, na kwamba za zamani zirudishwe kabla ya tarehe fulani. Mama alizirudisha, isipokuwa kreti kumi na moja zilizokuwa mikononi mwa wateja wa vijijini, ambao walizileta kidogo kidogo wakati wa mavuno, tarehe ikiwa imekwisha kupita. Aliwarudishia wote hela zao za chupa. Wakala hakumrudishia yeye.

Sasa soda nyingi dukani ni za plastiki, na wateja hawadaiwi kitu. Zile kreti kumi na moja bado zipo nyuma ya nyumba, nne tunazikalia, na saba mama amekataa zisiguswe, kwa sababu anasema hesabu yake na wakala haijafungwa.