Shemegi yuko Montana, anataka magazini ya bunduki irefushwe. Nikate au nisikate?

FundiSaateni
Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa kuchomea na kukereza hapa mjini. Kazi zangu mageti, ekzosi, na vyuma vya boti. Bunduki naziona mabegani mwa askari tu.

Shemegi yangu, mume wa dada, anaishi Marekani, jimbo la Montana. Ana leseni, na msimu ukifika huingia milimani kutafuta elki, kulungu wa huko, mkubwa kweli. Bunduki yake ni Remington 700 ya .308, ndiyo saizi ya risasi yake. Risasi anajaza mwenyewe nyumbani: ananunua maganda, fataki za kuwashia, baruti na vichwa vinavyoruka, anashindilia kwa mashine ya mkono. Kwao halali.

Sasa kapata vichwa vipya, virefu na vyembamba, naye anataka vikae nje zaidi ya ganda hadi risasi nzima ifike milimita 75. Magazini, yaani kile kisanduku cha bati kinachokaa chini ya komeo, chuma kinachosukuma risasi na kuifungia ndani, upana wake wa ndani ni milimita 72. Risasi inagota ncha mbele, haishuki.

Ananiambia nimkunjie kisanduku kipya chenye ukuta wa nyuma uliosogezwa, dada akija likizo arudi nacho. Bati ya milimita moja kuikunja kwangu si kazi. Lakini nafsi inasita. Nikikataa ataona namfanyia kiburi, na ndiye aliyenikopesha pesa ya mashine ya kereza. Kuna anayezijua hizi?

Mtu_wa_Wete
Wa alaykum salaam. Yakhe, kukunja kipande cha bunduki Saateni kisha dada akipitishe uwanja wa ndege baina ya halua na karafuu, hilo litoe akilini leo leo. Mkaguzi hatokuuliza kama ulikuwa unalipa fadhila. Mpe maneno, kazi afanyiwe huko huko.

FundiSaateni
Hilo nimekubali, na dada nimeshamwambia. Ila bado anataka rai yangu kama fundi, maana anasema asiponitumia mimi atakata mwenyewe kwa greinda.

BiMkubwa_Kiembesamaki
Samahanini wanaume, suali la asiyejua. Hizo milimita tatu zinampa nini? Wasasi wetu wanaingia msituni na mbwa na nyavu, na nguruwe hasalimiki.

MzeeRufiji
Bi mkubwa, suali lako ndilo lenyewe. Nilikuwa kambi za uwindaji huko bara, upande wa Selous, nikishughulikia silaha za wageni. Nitasema ninalolijua.

Kichwa kikikaa nje zaidi, ndani ya ganda inapatikana nafasi, na kichwa kinaanza safari yake karibu na misokoto, ile mifereji inayozunguka ndani ya mtutu. Wapiga shabaha wanaopigania tundu moja kwenye karatasi wanalipenda jambo hilo. Kwa mnyama mkubwa wa masafa ya kawaida sioni kama mtu atatambua tofauti.

Lakini shemegi kaanza kazi mkiani. Magazini si yenye kusema mwisho wa urefu, chemba ndiyo inayosema, pale risasi inapolala nyuma ya mtutu. Mbele ya chemba pana sehemu laini fupi, kisha misokoto inaanza. Risasi ya kiwandani ya .308 ni milimita 71 na kidogo, kwa hiyo kichwa kinaruka hatua ndogo kabla ya kuuma misokoto. Ukikitoa mpaka kikaegemea misokoto kabla hujapiga, presha inapanda. Na kikibanwa humo ukataka kutoa risasi bila kuipiga, ganda linatoka peke yake, kichwa kinabaki mtutuni, na baruti imemwagika kote kwenye komeo. Kusafisha baruti punje punje jioni ya mwituni, kwa tochi, ni adhabu.

Tena kuna la zamani. Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, alitoa risasi ya 9.3x62, iliyopendwa na walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani huku Afrika. Hakurefusha magazini ya mtu. Alichukua bunduki ya Mauser 98 ya kawaida, akaunda risasi nene inayoingia humo humo bila kula chuma. Waliotaka kuitia Mauser hiyo .375 H&H, ambayo inapita milimita 91, ndio waliopeleka tupa kwenye mteremko wa mbele unaopandisha risasi chembani. Na chuma cha mteremko ule ndicho kinachoshika jino la chini la komeo. Ukilila chuma lile umelipunguzia komeo egemeo. Wapo walioifanya kazi hiyo vizuri. Mimi kuzishika bunduki za namna hiyo sipendi.

Kwa hiyo shemegi, hata akirefusha kisanduku, arefushe nyuma. Mbele asiguse.

MzanzibariCalgary
Mzee kamaliza sehemu kubwa. Niko Canada, najaza risasi pia. Kabla ya greinda, apime chemba yake kwa kichwa hicho hicho anachotaka kutumia, maana kila umbo la kichwa lina kipimo chake.

Achukue ganda lililokwisha kupigwa, tupu, bila fataki wala baruti. Shingo ya ganda aipasue kwa msumeno mwembamba ili ikishike kichwa kidogo tu. Akitie kichwa kikiwa kirefu mno, aingize chembani, afunge komeo taratibu. Misokoto itakisukuma kichwa ndani ya ganda mpaka pahala pake. Afungue pole pole, apime kwa venia kutoka kitako hadi ncha. Arudie mpaka namba zikubaliane. Kichwa kikibaki mtutuni akisukume kwa ufito wa kusafishia kutokea mdomoni.

Akishapata namba hiyo, akae nyuma yake. Aangalie na shingo: ya .308 haifiki milimita 8, kichwa kikishikwa kwa ncha ya shingo tu kitayumba.

FundiSaateni
Kapima. Kwa vichwa vyake inagusa kwenye 73.6. Yeye alikuwa anataka 75!

Mtu_wa_Wete
Hehe. Alikuwa anatengeneza nyundo ya kupigia mtutu wake.

MzanzibariCalgary
Basi hesabu imeisha yenyewe. Akiacha nusu milimita ya kuruka, anabaki na 73. Kisanduku alicho nacho ni 72, na risasi inataka upenyo kidogo ipande na kushuka. Faida yote ni milimita moja na ushei.

Kama bado anaitaka, kwa Remington 700 vipo visanduku virefu vilivyo tayari, ananunua. Lakini FundiSaateni, mwambie kwa lugha ya ufundi: kisanduku kile hakikai hewani. Kinakaa baina ya mwili wa bunduki na chuma cha chini, ndani ya ubao wa kitako. Kikirefuka, ubao nao unachimbwa. Na lazima kibaki kinacheza kidogo kwa kidole. Kikibanwa juu na chini, skrubu zinakaza kisanduku badala ya kukaza bunduki, na shabaha inapotea. Halafu aangalie kama komeo likivutwa hadi mwisho linapita nyuma ya kitako cha risasi ile ndefu. Lisipopita litateleza juu yake na kufunga chemba tupu. Na risasi nzima isiyopigwa iweze kutoka kwenye dirisha la pembeni.

BiMkubwa_Kiembesamaki
Yote hayo kwa milimita moja. Na elki hana venia.

FundiSaateni
Nimemtumia ujumbe wa sauti mrefu, nikamwekea na maneno ya Mzee. Kanuna kidogo, kisha kasema atajaza kwa 71.5, kisanduku akiache kama kilivyo, aone karatasi inasemaje. Zikitawanyika atanunua kirefu na kumpa fundi wa huko achimbe ubao.

MzanzibariCalgary
Vyema. Ila mwahi kabla hajaketi kwenye mashine yake. Kama kipimo cha baruti alikipanga kwa ile 75, asikitumie kwa 71.5. Kichwa kikiingia ndani, nafasi ya ganda inapungua na presha inapanda kwa baruti ile ile. Aanze chini, kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu cha baruti yake, apande kidogo kidogo huku akitazama dalili za presha kwenye fataki na ugumu wa komeo kufunguka.

FundiSaateni
Nimempigia. Alikuwa keshajaza tano. Anazivunja sasa hivi.