Naomba ushauri: dalali Malindi anataka asilimia 10 kabla ya sachi (ukaguzi wa rekodi za umiliki wa ardhi)

Ndugu, nataka kununua nyumba, na dalali anataka asilimia 10 ya bei iingie akaunti yake ndipo atoe nakala ya hati. Hilo nimelikataa: amana hukaa kwa wakili, baada ya sachi ya ofisi ya ardhi na mkataba wa maandishi.

Linalonisumbua hasa ni kwamba hii ni nyumba bila ardhi. Kuta za muuzaji, kiwanja cha mtu mwingine, kodi ya ardhi hulipwa kwake. Sachi itatoa jina la mwenye kiwanja tu, na dalali hamtaji kabisa!

Wenye ujuzi, ridhaa ya mwenye kiwanja iandikwe vipi asije akapandisha kodi ovyo au kuwakataa warithi wangu? Na risiti za kodi za nyuma, nizidai za miaka mingapi?