Daftari la Lusajo na safari ya kwenda awali

*Kundi: UKOO WA UYOLE*

Mama Lusajo: Shikamooni wakubwa wote. Mama Mdogo, Lusajo tumeshamwandikisha awali, anaanza Januari. Shule walitaka cheti cha kuzaliwa, tumepeleka. Sasa nauliza, lile daftari unaloandika habari zake pale kwenye kituo chako cha kulelea watoto na ile michoro yake, vinabaki kwako au tunapewa sisi?

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Ni vyenu. Mtoto akiondoka, daftari lake linaondoka naye, ila namkabidhi mzazi mkononi. Simpi bodaboda wala mtoto wa jirani apeleke. Kwangu inabaki rejista ya mahudhurio, kitabu cha malipo na daftari la ajali. Hivyo ni vya kituo, afisa ustawi wa jamii akija kukagua navitoa hivyo.

Baba Ambokile: Shikamoo Mama Mdogo. Na wale waliohamia Makambako na deni la miezi? Hao si ungewazuilia daftari mpaka walipe. Watu wa siku hizi bila kubanwa hawatoi hela.

Mama Mdogo: Marahaba baba. Nimeshauriwa hivyo na wengi, na nimekataa. Deni ni la mzazi, daftari ni la mtoto. Yule binti yao ana pumu, kwenye daftari lake nimeandika baridi ya asubuhi inavyomsumbua na dalili zinavyoanza kabla hajabanwa kifua. Nikilifungia kabatini kwa sababu ya hela, halafu huko alikokwenda mlezi mpya asijue, nitalala vipi? Deni nimewaandikia mahali pake, nawadai kila mwisho wa mwezi, na baba yake ameanza kupunguza.

Baba Ambokile: Hapo kwenye pumu nimekuelewa. Sikuwa nimefikiria upande huo.

Mjomba Mwalimu: Habari za jioni ndugu zangu. Huku Tukuyu mvua imeshika tangu saa nane. Niseme kama mwalimu wa awali. Dada, unalolifanya ni kubwa kuliko unavyodhani. Mimi Januari napokea watoto ambao sijui lolote juu yao. Kiwango cha darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na langu limeshapita hapo. Mpaka nimjue kila mmoja, Machi imefika. Wengine nimekuja kugundua mwezi wa sita kwamba hawaoni ubao.

Mjomba Mwalimu: Lakini naomba jambo moja. Usinipe daftari zima. Sitalisoma, muda sina. Nipe ukurasa mmoja. Daftari lenyewe lenye michoro na kila kitu mama abaki nalo nyumbani, siku nikikwama nitamwita aje nalo.

Mama Mdogo: Hiyo karatasi moja ndiyo naandika sasa kwa hawa wote wanaoondoka. Mama Lusajo, ya kwako iko tayari. Niiweke hapa au nikutumie peke yako?

Mama Lusajo: Weka tu Mama Mdogo, hapa ni nyumbani.

Mama Mdogo: Haya.

"Anafanya mwenyewe: kunawa, kula, kuvaa viatu (kulia na kushoto bado anachanganya). Choo anakwenda akikumbushwa mapema, akinogewa na mchezo anachelewa.
Kuhesabu: Mwezi wa 9 alipanga vizibo vya soda kwa rangi, akahesabu hadi sita, akaruka saba. Mwezi wa 11 saba imeingia, sasa anafika kumi na mbili.
Mkono: anashika kalamu kwa kushoto. Asilazimishwe kulia.
Lugha: Kinyakyusa na bibi yake, Kiswahili hapa kituoni. Akiwa na haraka maneno yanakwama mwanzoni mwa sentensi. Ukimsubiri anamaliza.
Akinyang'anywa kitu anauma. Ukimtangulia ukamwambia 'sema nirudishie', anasema na haumi."

Mama Lusajo: Mama Mdogo nimesoma yote, Mungu akubariki. Hiyo ya vizibo nimemsomea baba yake hapa kacheka sana. Ila hapo kwenye kukwama maneno na hapo kwenye kuuma, roho yangu imeshtuka. Si ndiyo atafika siku ya kwanza ameshawekewa alama? Mwalimu ataanza kumwita kigugumizi, na watoto watadaka. Naomba hizo mbili tuzitoe.

Neema (Leicester): Shikamoo Mama Mdogo, shikamoo Mjomba. Ndiyo natoka kazini. Wifi, wasiwasi wako ni wa haki kabisa, na ngoja niwaambie tunavyofanya huku kwa mlezi ninayemsaidia. Huku England walezi wa nyumbani, yaani wanaolea watoto wa watu majumbani kwao, wanasajiliwa na kufuata mwongozo wa serikali ulioanza 2008. Mtoto akiwa kati ya miaka miwili na mitatu, lazima wazazi wapewe muhtasari mfupi wa maandishi: anavyowasiliana, mwili wake unavyokua, na hisia zake na anavyoishi na wenzake. Penye shaka panaandikwa, pamoja na kitakachofanyika kumsaidia. Wazazi wanahimizwa wampelekee mhudumu wa afya anayemfuatilia mtoto, na kituo kipya kama anahama. Mlezi mwenyewe hawezi kuwatumia wataalamu wengine bila mzazi kuridhia.

Neema (Leicester): Kwa hiyo wewe ndiye mwenye neno la mwisho, wifi. Lakini usifute haraka.

Mjomba Mwalimu: Mkwe, nisikilize kwa moyo wa upole. Kuna mtoto aliwahi kuletwa darasani kwangu bila neno lolote. Nikimwita haitiki. Nikisema simameni, yeye anasimama wa mwisho akiangalia wenzake. Mwenzangu mmoja akasema huyu ni mkaidi. Kumbe sikio moja halisikii, na nyumbani walijua, wakaona aibu kusema. Nilikuwa nimemkalisha upande ambao sikio bovu ndilo linanielekea. Muhula mzima, mkwe.

Mjomba Mwalimu: Sasa kwa Lusajo. Kigugumizi watoto wengi kinawaanza kati ya miaka 2 na 5, na wengi kinawaisha chenyewe. Kinachoumiza ni mtu mzima kummalizia neno, kumwambia "sema haraka", au kumsimamisha mbele ya darasa ajieleze siku ya kwanza. Mwalimu akijua, hafanyi hayo. Asipojua atafanya yote matatu kabla ya saa nne asubuhi, na hana nia mbaya.

Mama Lusajo: Mjomba umenigusa 😢

Mama Mdogo: Mwanangu, angalia tena nilivyoandika. Sikuandika kigugumizi. Nimeandika kinachotokea, kinatokea lini, na ufanye nini. Yako madaftari nimeyaona yanaletwa hapa kutoka kwingine, mtoto wa miaka mitatu ameandikiwa "mtukutu", mwingine "mzito kuelewa". Hilo linamsaidia nani? Neno kama hilo mimi siliandiki, na likija nalo mtoto silifuati. Hata kwenye kuuma, mwalimu akisoma "anauma" tu atamtenga. Akisoma na dawa yake atajaribu dawa.

Baba Lusajo: Shikamooni. Nipo nasoma tangu mwanzo. Mimi nasema ibaki kama ilivyo. Hata mimi nilichelewa kusema, muulizeni Bibi.

Bibi (sauti, ameniomba niandike, Baba Ambokile): "Ni kweli alichelewa. Na mwandikieni huyo mwalimu kwamba mjukuu wangu anaogopa ngurumo. Ikipiga radi anajificha chini ya kitu. Wasimcheke na wasimvute, wamwite tu kwa jina atatoka."

Mama Mdogo: Shikamoo mama. Nimeongeza sasa hivi. Na huku kwetu ngurumo za Januari si mchezo.

Mama Lusajo: Basi ibaki yote Mama Mdogo. Lakini naomba niipeleke mimi mwenyewe kwa mwalimu, tukae tuongee, isiende kwenye bahasha peke yake.

Mjomba Mwalimu: Hivyo ndivyo. Usiende siku ya kufungua shule, siku hiyo hatusikilizani, watoto wanalia na wazazi wako madirishani. Nenda kabla, au subiri wiki ya pili mchana watoto wakishatoka.

Neema (Leicester): Mama Mdogo, na picha? Najua simu yako imejaa picha za watoto.

Mama Mdogo: Hizo zinanipa kazi mama. Picha ya Lusajo akipanga vizibo yuko peke yake, hiyo nawatumia. Ile ya wakati wa uji wako sita mezani, na mmoja wazazi wake waliniambia wazi hawataki picha za mtoto wao zizunguke.

Baba Ambokile: Kazini tulielezwa ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo picha za pamoja usizirushe kwenye kundi lolote, Mama Mdogo, hata wazazi wakiomba kwa nia njema.

Mama Mdogo: Asante baba. Basi za pamoja situmi, nazifuta watoto wakishaondoka, za mtoto peke yake anapewa mzazi wake. Na madaftari ya watoto ambao wazazi hawajarudi kuyachukua yako kwenye sanduku la bati linalofungwa kwa kufuli, maana zamani yalikaa rafuni na kila mgeni anafunua.

Mama Lusajo: Wifi Neema, huko daftari linakuwa nene kiasi gani? Nisije nikamchosha Mama Mdogo kwa kudai mengi.

Neema (Leicester): Mwongozo wenyewe unasema makaratasi yasizidi mpaka mlezi akaacha kucheza na watoto. Kuna walezi wanapamba madaftari kwa stika na picha, mazuri kweli, lakini bosi wangu aliacha. Anaandika mistari michache pale ambapo mtoto amefanya jambo jipya. Kama Mama Mdogo na saba yake.

Mama Mdogo: Mimi naandika watoto wakilala mchana. Wasipolala siku hiyo siandiki 🙏🏾

Baba Lusajo: Jumamosi nakuja Uyole kuchukua, Mama Mdogo. Nije saa ngapi?

Mama Mdogo: Njoo baada ya saa nne, asubuhi nitakuwa sokoni. Uje na kadi ya kliniki, kuna tarehe za chanjo nataka tulinganishe na nilizonakili mimi, kwenye surua na rubela naona pengo. Na uje na Lusajo, michoro yake kuna miwili anasema hataki iondoke ukutani, tumuulize mwenyewe.

Mama Lusajo: Ndaga fijo Mama Mdogo. Tutakuja wote.