Kijiji cha milimani Italia kisicho na magari: tujiandae vipi kutoka Lamu?

Mkunguni
Assalaam aleikum. Rafiki wa familia, Mtaliana, ametupa nyumba yake ya Chamois, Valle d'Aosta, kwa wiki mbili mwezi wa Agosti. Ni mimi, mke wangu na watoto wawili, mmoja miaka minne na mwingine tisa. Kijiji hakina gari, na hilo kwa mtu wa Amu si geni. Wasiwasi ni viza, njia, baridi na chakula. Wajuzi tusaidieni.

Maweni_Malindi
Waaleikum salaam. Viza kwanza, maana ndiyo inayovunja safari. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, ni euro 90 kwa mkubwa, 45 kwa huyo wa miaka tisa, mdogo halipi. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla, kwa hivyo msingoje Julai. Nyinyi wawili mtatoa alama za vidole Nairobi. Watoto wa chini ya miaka 12 hawatoi. Mwenyeji aandike barua ya mwaliko, aitie sahihi na kuambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000, na ifunike siku zote tangu kutua mpaka kuondoka. Mkishafika, mwenyeji ana saa 48 za kuarifu serikali kwa maandishi kwamba amepokea wageni. Mkumbusheni mapema.

Njia: kutoka Torino au Milano mwende Châtillon, kisha basi la Breuil-Cervinia, mshuke Buisson. Hapo mnapanda funivia, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, mpaka kijijini. Kuna safari ya mwisho usiku. Ikiwapita mtalala bondeni. Reli ya Ivrea hadi Aosta, inayopitia Châtillon, ilifungwa Januari 2024 ili iwekewe umeme, mabasi yakashika nafasi yake. Tazameni ratiba kabla ya kukata tiketi. Na wiki ya tarehe 15 Agosti, Ferragosto, Italia nzima iko likizoni: wekeni nafasi za kila kitu mapema.

Jikoni_Mambrui
Kaka, njaa hamtalala. Polenta ni sima tu, ila unga wake ni wa chengachenga na hukorogwa dakika 40 au zaidi. Ikiitwa *concia* ina siagi na jibini ya fontina. Tahadhari iko penginepo: *carbonada* ni ng'ombe aliyepikwa kwa mvinyo, *lardo* ni mafuta ya nguruwe, na hata supu ya mboga huenda ikatiwa vipande vya nguruwe. Semeni “senza maiale, senza vino”, yaani bila nguruwe, bila mvinyo, kabla ya kuagiza, si sahani ikishafika. Nyama ya halali nunueni mjini kabla ya kupanda. Maduka madogo ya milimani hufungwa mchana, takriban saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, kwa hivyo mahitaji ni ya asubuhi.

Maweni_Malindi
Baridi sasa. Chamois iko kama mita 1,800, kimo cha Nairobi hasa, lakini ni mbali na ikweta. Mchana wa Agosti mtaota jua vizuri, usiku huweza kushuka chini ya digrii 10. Sweta, koti la mvua, soksi nzito, na mafuta ya midomo kwani hewa ni kavu.

Nyumba za zamani zina jiko la kuni la chuma. Kabla ya kuwasha, fungueni kabisa kile kikono cha bomba la moshi. Tieni vijiti vikavu kwanza, magogo baadaye. Kuni mbichi hutoa moshi tu. Msikifunge kikono makaa yangali mekundu, ati joto lisitoke: hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Mkunguni
Ahsanteni sana. Na makubadhi yatafaa? Twataka kwenda ziwa la Lod.

Jikoni_Mambrui
Yavaeni kijijini tu. Kwa Lod vaeni viatu vya kufunga vyenye soli ya meno, maana mawe huteleza yakilowa. Vibao vya njia huandika muda wa kutembea bila kupumzika, basi na mtoto wa miaka minne uzidisheni mara mbili. Herufi T ni njia rahisi, E ya kawaida, EE ni ya wazoefu, si yenu. Tokeni asubuhi, ngurumo za Agosti hupenda alasiri. Mkikwama, pigeni 112, namba ya dharura.