Mama hasikii harufu siku hizi, inaweza kuwa dalili ya dimensia?

Swali
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Mama ana miaka 68, juzi sufuria imeungua jikoni moshi umejaa mpaka sebuleni na yeye kakaa hapohapo anashona, namuuliza mama husikii harufu ya kuungua, ananiambia harufu gani? Mafua hana. Nimesoma kwamba ni dalili ya mwanzo ya dimensia, ule ugonjwa wa ubongo wa kupoteza kumbukumbu, toka hapo usingizi sina. Kumbukumbu yake naiona sawa tu japo siku hizi anarudiarudia maswali. Nifanyeje?

Jibu 1
Pole sana ndugu. Usianzie kwenye dimensia, pua inapoteza nguvu kwa mambo mengi, umri wenyewe, vinyama vya puani, sinusi, sigara, kuumia kichwa, dawa zingine, na korona ndo usiseme. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, mengine yanatibika kabisa.

Jibu 2
Naongezea, uhusiano upo kweli. Kwenye Alzheimer, aina ya dimensia inayowapata wengi, uharibifu unaanza mapema sana kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na harufu pia, miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau. Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, nao harufu hupotea mapema hivyohivyo. Watafiti wa Chicago 2017 walitoa matokeo ya watu karibu 3,000 wa miaka 57 hadi 85, waliwanusisha mnanaa, samaki, chungwa, waridi na ngozi, waliotambua chini ya harufu 4 kati ya hizo 5 hatari yao ya kupata dimensia ndani ya miaka 5 ilikuwa zaidi ya mara mbili. Hiyo ni hatari kuongezeka, sio kwamba mama tayari anaumwa. Alafu kile kipimo cha kunusa siagi ya karanga kinachosambazwa eti kinagundua Alzheimer achana nacho, wengine walikirudia hawakupata majibu yale. Mimi kinachonigusa zaidi ni hayo maswali anayorudia, mwambie daktari aipime na kumbukumbu.

Muuliza swali
Asanteni sana, wiki ijayo nampeleka. Sasa na hapa nyumbani?

Jibu 3
Gesi ndo ya kwanza, yani hata ivuje usiku kucha hatajua. Weka kengele ya moshi na ya gesi leo leo, usisubiri majibu ya daktari, na vyakula vya kwenye friji viandikwe tarehe maana hawezi tena kunusa akajua kimeharibika. Na ongea nae taratibu, wengi wenye hili tatizo hawajui kabisa kama wanalo.