Kulaza maji usiku mmoja SIYO kukomaza tangi! Wauzaji wa samaki wa mapambo mnatuulia samaki huku mkijua

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Leo asubuhi nimemtoa samaki wa 16 kwenye tangi langu, mdomo wazi, mashavu yametanuka, na mwanangu wa miaka 7 kasimama pembeni na sare za shule ananiuliza kama na huyu tunamzika kwenye ndoo ya maua. Samaki 16 ndani ya wiki tatu. Nimelia kwa hasira.

Nianze mwanzo. Nilienda duka moja hapa Dar, silitaji, nikanunua tangi la lita 120, filta ya sponji, pampu ya hewa, taa na changarawe. Nikamwambia muuzaji wazi kabisa: kaka, mimi ni mgeni wa mambo haya, nielekeze. Akaniambia, "Dada yangu hakuna kazi hapo, jaza maji, yalaze usiku mmoja, kesho njoo uchukue samaki." Kesho yake nikarudi na mtoto, tukafungiwa mbuna 12 wa Ziwa Nyasa kwenye mifuko. Mtoto akawapa majina palepale, wa njano Yanga, yule wa rangi ya chungwa Simba. (Kwamba mbuna 12 hawafai kabisa kwenye lita 120, na hilo nimekuja kulijua baadaye. Hakulisema.)

Siku ya tatu maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Siku ya tano samaki wote wako juu wanagombania hewa, Yanga kajibana kwenye kona karibu na mapovu ya pampu. Siku ya sita Yanga kafa. Nikampigia simu muuzaji. Akasema maji yamechafuka, mwaga yote, osha sponji na changarawe kwa maji ya bomba mpaka ving'ae. Nikatii! Nimekaa bafuni saa nzima nasugua ile sponji mpaka ikawa kama mpya. Wakafa wengine wanne. Nikarudi dukani, nikauziwa dawa ya bluu na samaki 6 wa "kuongezea".

Aliyeniokoa ni mfanyakazi mwenzangu anayefuga miaka mingi. Alikuja na kikasha cha kupimia maji. Akaweka matone kwenye kichupa, tukasubiri, maji yakaanza njano, yakaenda kijani, yakakolea mpaka kijani cha jani la mgomba. Amonia miligramu 4 kwa lita. Kwenye tangi lenye samaki inatakiwa iwe 0. Akaniuliza, "Ulilikomaza tangi kwa muda gani?" Sikujua anaongelea nini.

Sasa nisikilizeni, maana hiki ndicho kilichofichwa. Samaki anatoa amonia muda wote, kupitia mashavu yake na kinyesi chake, na chakula kinachobaki kikioza kinatoa amonia pia. Ni sumu. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu kuna kundi jingine linaloigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia na wewe unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Kukomaza tangi ndiko huko kuwasubiri hao bakteria waote, maana hawauzwi pamoja na kioo. Wanaota wenyewe kwenye sponji, kwenye changarawe, kwenye mawe, taratibu, na kwa kawaida huchukua wiki 4 mpaka 6. WIKI, siyo usiku mmoja.

Kulaza maji kunapunguza klorini ya bomba. Basi. Hakuoteshi bakteria wa kutosha hata samaki mmoja. Mtu anayeuza samaki kila siku anaijua tofauti hiyo, kwa sababu matangi ya dukani kwake yamekomaa, na ndiyo maana samaki wake wanaishi pale wakisubiri kuja kufia kwangu.

Na ushauri wa kuosha sponji kwa maji ya bomba ndio unaoniuma kuliko vyote. Bakteria wengi hawaelei majini, wameng'ang'ania kwenye hiyo sponji. Wachache waliokuwa wameanza kuota niliwaua mimi mwenyewe kwa mikono yangu na maji yenye klorini, nikilipia vocha ya kupiga simu kuelekezwa namna ya kuwaua. Sponji inakamuliwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, inarudishwa na uchafu wake kidogo. Sentensi moja tu hiyo. Ingemgharimu nini?

Kuna na hili. Mbuna wanapenda maji ya pH ya juu (pH ni kipimo cha asidi, ikiwa juu maana yake asidi ni kidogo), na pH ikipanda amonia inakuwa kali zaidi. Kwenye pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1 ya yote. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5 kwenye joto la nyuzi 25, na huku kwetu maji yana joto zaidi ya hapo. Kwa hiyo samaki niliouziwa kama "wagumu, hawafi ovyo" ndio waliotiwa kwenye maji ambayo amonia ile ile inaua haraka zaidi. Niliyemtoa leo nilimfunua shavu: ndani pamekuwa rangi ya kahawa. Mwenzangu anasema hiyo ni nitriti, damu imeshindwa kubeba hewa. Samaki kazama kwenye maji, jamani.

Wawili waliobaki mwenzangu kawachukua jioni hii. Tangi langu sasa linaendeshwa tupu. Nimemtia kamba mmoja mbichi wa soko la samaki la Feri ndani ya soksi safi, aoze atoe amonia, bakteria wapate chakula bila samaki kuteseka. Mwenzangu kanipa kipande cha sponji yake ya zamani kupunguza muda, na pampu haizimwi usiku wala mchana, maana bakteria wanahitaji hewa (umeme ukikatika kwa saa nyingi nao wanakufa, hilo nalo nimeambiwa leo). Sebule yangu iko nyuzi 28, hita sihitaji. Siweki samaki mpaka amonia na nitriti zisome 0 zote mbili ndani ya saa 24 baada ya kutia amonia ya kutosha. Mwanangu nimemwambia tunasubiri mpaka mwezi ujao au zaidi. Kakubali. Mtoto wa miaka 7 kakubali kusubiri, muuzaji mtu mzima alishindwa kuniambia nisubiri kwa sababu angekosa hela ya samaki 12 siku ile.

Saa kumi leo kanitumia ujumbe na picha: "Dada mzigo mpya umeingia, njoo uchague." Nimemjibu nataka hela ya samaki 16 na ya dawa ya bluu. Kasoma, kanyamaza. Kesho nakwenda dukani mwenyewe.

Wote mlioambiwa mlaze maji usiku mmoja kisha mkachukue samaki, andikeni hapa: mlikuwa na tangi la lita ngapi, na walikufa wangapi?